Pini Iliyogonga Wiki Mbili

Nyumba ya Pembeni,
Nyuma ya Kiwanda cha Ndoo.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wote waliomo humo ndani. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama, au ile dawa ya kuchua imeshafanya kazi yake? Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, anakohoa kidogo asubuhi, lakini ni vumbi tu la barabara wanayoichimba mbele ya nyumba. Mimi nami mzima isipokuwa kwa jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha mezani tangu tulipomaliza chai.

Shemeji naye, mguu unaendeleaje? Nimeambiwa wameshamtoa plasta na sasa anatembea kwa magongo. Mwambie asifanye haraka, mfupa una ratiba yake. Mpe pole nyingi kutoka kwangu, pole ambayo ilipaswa kufika miezi minne iliyopita.

Najua umeninunia, na haki yako. Siku ile uliponipigia simu kuniambia shemeji ameanguka kutoka juu ya paa, mimi nilikujibu, "Safi sana, hongereni." Kisha nikakuaga vizuri nikakata. Jioni yake binti yako aliporudi kutoka chuoni macho yamemvimba kwa kulia, ndipo nilipojua umeniambia nini. Wewe uliyenibeba mgongoni, uliyenifundisha kufunga vifungo vya shati, mumeo anavunjika mguu nami nakupa hongera.

Badala ya kukupigia nikuombe radhi, niliogopa. Ukipiga, nilikuwa naitazama simu inavyotetemeka mezani mpaka inatulia. Salamu nikawa nazituma kwa mdomo wa binti yako, kama mtu mwenye kiburi. Sasa nakwambia sababu, na ndiyo maana nimechukua kalamu wakati watu wote wana simu: mimi sisikii. Sikio la kushoto lilikufa zamani, la kulia nalo limeshafunga mizigo. Kwenye simu nasikia mvumo tu, na nimezoea kuujibu "ndiyo, ndiyo" na "safi sana." Humu ndani wifi yako ananiuliza kama nimefunga mlango, namjibu nimeshiba. Alidhani ni utani wangu wa kawaida.

Hilo peke yake lingetosha barua moja. Lakini kuna jingine kubwa zaidi. Kitindamimba wako alikuwa karibu afukuzwe kwenye mafunzo kwa sababu ya masikio yangu na ulimi wangu. Yeye amekwambia tu kwamba amefaulu, maana ana siri kama wewe. Mimi nimeona ni haramu uendelee kunishukuru kwa kumlea mwanao kumbe hujui nilimfanyia nini.

Unakumbuka ulivyomleta. Ulisema huyu ni mtoto wa mwisho na hii ni nafasi ya mwisho, kwa sababu chuo hakipokei mwanagenzi aliyepita miaka ishirini na mitano, na yeye alishaacha mafunzo ya kwanza ili akuuguze. Ukanikabidhi mkono wake kama mtu anayekabidhi ufunguo. Nikakujibu uondoke ukalale, mtoto yuko kwa mjomba wake.

Na kwa kweli alianza vizuri mno. Wiki mbili chuoni, wiki mbili kiwandani, mwaka na nusu mzima. Walikuwa wanagenzi sita, na yeye ndiye aliyenichosha kuliko wote kwa maswali. Kwa nini punje za plastiki zikaushwe kabla ya kutumika? Kwa nini rangi ipimwe kwa mizani wakati fundi mwenyewe anakadiria kwa kikombe? Kabla ya mwezi kwisha kiwanda kizima kilikuwa kinamwita Bi Maswali, na yeye anaitika.

Wewe hujawahi kuingia kiwandani kwetu, kwa hiyo acha nikueleze kidogo ili usipotee mbele. Punje za plastiki, ndogo kama choroko, zinamiminwa juu ya mashine. Zinaingia kwenye bomba lenye moto, na parafujo kubwa inazisukuma mpaka zinakuwa uji mzito. Uji huo unaingizwa kwa nguvu ndani ya kalibu, ambayo ni chuma kizito chenye nusu mbili, na ndicho kinachoipa ndoo umbo lake. Uji ukishaganda, kalibu inafunguka, pini nne zinachomoza kuisukuma ndoo itoke, pini zinarudi ndani, kalibu inajifunga tena. Kila nusu dakika ndoo moja. Mwisho wa zamu unaziona ndoo hata ukifumba macho.

Mimi miaka thelathini na mmoja nimezitegea mashine hizo sikio. Nilikuwa napita katikati yake nikisikia pampu inalalamika, nasema ile ya tatu ina hewa kwenye mafuta, wakifungua wanakuta kweli. Ndiyo maana wakaniita Sikio. Hata meneja, kwenye karatasi za zamu, alikuwa anaandika "Sikio aitazame." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia mpaka likabaki maji matupu.

Sasa sikiliza upumbavu. Kila mwanagenzi siku ya kwanza anapewa vizibo vya masikio, vile laini vya njano, kwa sababu pale ndani pana kelele, na mbaya zaidi ni mashine ya kusaga ndoo mbovu, iliyo pembeni mwetu. Na siku hiyo hiyo ya kwanza mimi nilikuwa nawaambia wavitie mfukoni. Fundi aliyeziba masikio, nilikuwa nasema, ni sawa na mpishi aliyeziba pua. Walikuwa wanacheka, wanavitoa. Miaka yote hiyo hakuna aliyenikatalia isipokuwa binti yako.

Aliniuliza nilifundishwa na nani hivyo. Nikamwambia, na fundi wangu wa kwanza. Akaniuliza huyo fundi sasa hivi anasikia? Swali la adabu kabisa, hakulisema kwa ubishi. Nikakumbuka kwamba yule mzee, siku alipostaafu, tulimuaga kwa kupunga mikono na kutikisa vichwa, maana maneno yalikuwa hayamfikii. Badala ya kumjibu nikamfokea, nikamwambia hapa si mahakamani. Akavirudisha vizibo vyake masikioni, akaendelea kufagia chini ya mashine. Tangu hapo nilimwona mkaidi.

Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu niliyaficha kwa ustadi. Nilijifunza kutazama midomo ya watu. Mtu akija upande wa kushoto najifanya nina haraka. Mashine zenyewe nilikuwa nazikumbuka kuliko kuzisikia, na mara nyingi kumbukumbu ilinitosha.

Basi mwezi wa sita mwishoni ukafika mtihani wa vitendo. Mwanagenzi anachanganya rangi, anaiandaa mashine, kisha anaendesha ndoo mia moja peke yake. Fundi anasimama nyuma, anaandika kwenye kitabu cha mwanagenzi: "Ameiva" au "Bado." Kwetu kuna sheria ya zamani kwamba anayesimamisha mashine mara tatu bila sababu hajaiva, kwa sababu uji ukikaa ndani ya bomba la moto unaungua, na kuusafisha ni kazi ya nusu siku.

Bi Maswali alichanganya kijani, kijani kizuri cha jani changa. Ndoo ya kwanza ikatoka safi, haina ndevu za plastiki pembeni wala pengo. Niliona fahari, nilitamani ungekuwepo. Kwenye ndoo ya kumi na nane akabonyeza kitufe chekundu, mashine ikasimama. Akanigeukia, akasema taratibu huku midomo yake ikinielekea:

"Mjomba, imegonga."

Nikafungua, nikatazama. Pini zote nne zimekaa mahali pake. Nikamwambia aendelee. Ndoo ya thelathini na moja akasimamisha tena, akasema kuna kitu kinagonga kidogo kabla kalibu haijafunga. Nikasimama pale nikasikiliza. Nilisikia kimya changu mwenyewe tu, dada, lakini nilikuwa nimeshasahau kwamba ni changu. Nikaona ni woga. Aliposimamisha mara ya tatu, nikachukua kalamu nikaandika "Bado," na chini yake nikaongeza kwamba anasimamisha mashine ovyo. Wenzake watano waliiva wote siku hiyo.

Hakulia wala hakubisha. Aliomba ruhusa tu kalibu ishushwe ikaguliwe, na huo ndio utaratibu: yeyote akisikia kitu kinagonga, hata mfagizi, kalibu inashushwa. Nikamwambia kalibu hiyo nimeijua kabla yeye hajajua kutambaa.

Siku ya tisa baada ya hapo, zamu ya mchana, pini moja ilibaki nje na kalibu ikajifunga juu yake. Mshindo huo hata mimi niliusikia, kwa miguu. Kitako cha kalibu kikapata shimo la kuingia kidole gumba. Mashine ikazimwa mwezi mzima ikisubiri matengenezo, na akina mama wanne wanaopachika vishikio vya ndoo pale wakaambiwa wakae nyumbani kwanza. Mmoja wao tunapakana naye ukuta. Asubuhi nilikuwa namwona ameketi mlangoni, amevaa koti la kazi bila kazi.

Meneja akaniita. Akauliza imekuwaje. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Nilisema labda ni ile siku ya mtihani, kule kusimamisha-simamisha mashine, pengine ndiko kulikoilegeza pini. Labda. Kaneno kadogo, lakini kana meno. Meneja akaandika. Kesho yake mwalimu wa chuo akaletewa habari, na ikapangwa kikao cha kuamua kama mwanagenzi aliyeharibu kalibu anafaa kuendelea.

Wala usidhani nilipanga kumwangamiza. Niliogopa tu, na mtu akiogopa hushika kilicho karibu. Aliyekuwa karibu ni mwanao.

Siku moja kabla ya kikao nilikwenda karakana ya nyuma, kwa fundi wa kalibu. Huyu ni mtu mkimya, kazi yake ni kuchonga na kurekebisha vyuma hivyo, na vidole vyake viwili ni vifupi. Aliniwekea ile pini kiganjani. Nusu yake ilikuwa na kutu ya kawaida, na upande mmoja umeng'aa kama kijiko kipya. Akanielekezea kwa kidole chake kifupi, akaongea karibu na uso wangu. Alisema mng'ao ule ni wa kusuguana siku nyingi. Pini ilikuwa inachelewa kurudi, na kila kalibu ikifunga inaigonga na kuisukuma ndani. Ndiyo maana ukifungua unaikuta mahali pake. Akakadiria wiki mbili hivi. Kisha akaniuliza kama kweli wiki zote mbili hakuna aliyesikia.

Niliitia pini mfukoni nikaenda nayo nyumbani. Njiani nilikuwa naishika kila baada ya hatua tatu, kama mtu aliyebeba hirizi ya kumdhuru mwenyewe.

Jioni tulikula. Wifi yako upande ule, mimi hapa, binti yako kuliani kwangu. Kwenye kiti karibu na mlango alikuwa ameweka surupwenye yake ya kazi, imefuliwa na kukunjwa vizuri, tayari kurudishwa. Nilipoiona nikarudisha tonge sahanini. Halafu kwa mara ya kwanza nikajiuliza kwa nini mtoto huyu kila siku anakaa kuliani kwangu. Hata kiti kile kibovu kinachoyumba, anakihamishia kulia anakalia hicho hicho. Kiwandani pia, daima alisimama kulia. Na akiniambia kitu alikuwa anangoja kwanza nimtazame.

Nikamuuliza tangu lini anajua. Akajibu tangu mwezi wa pili tu wa kuja kwake. Nikaweka pini mezani. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia meneja kwamba fundi wake ni kiziwi. Alikuwa na haki, na kitabu chake kingesafishwa palepale. Aliizungushazungusha ile pini, akanitazama ili maneno yanifikie, akasema:

"Ningesema mimi, Mjomba, wangekuondoa kwa aibu. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Wifi yako aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula. Mimi nilikaa. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hilo nililisikia lote, neno kwa neno, na la kushoto likiwemo.

Asubuhi kikao kilikuwa ofisini kwa meneja, kile chumba chenye dirisha la kioo linalotazama mashine. Tulikuwa watano: meneja, mwalimu wa chuo, mama msimamizi wa zamu, binti yako na mimi. Kitabu cha mwanagenzi kilikuwa wazi mezani, na mwandiko wangu ndani yake. Wakamuuliza yeye kwanza. Akasema alisikia kitu kikigonga, akasimamisha, na hana zaidi. Wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimejitungia hotuba njiani, yenye utangulizi na sababu. Yote ikapotea. Nikatoa pini mfukoni, nikaiweka juu ya kitabu.

"Mwanagenzi alisikia. Mimi ndiye sikusikia, kwa sababu mimi sisikii."

Baada ya hapo sijui kama walinyamaza au walisema. Nilikuwa natazama meza. Nilipoinua uso, mama msimamizi alikuwa anafuta macho, na meneja ameishika pini upande unaong'aa. Nikaendelea kusema yote, ile "labda" yangu, utaratibu niliouruka, na vizibo nilivyowavua wanagenzi miaka yote. Hilo la vizibo ndilo lililomkasirisha zaidi mwalimu wa chuo. Alinisema sana. Mengi hayakunifika, lakini uso wake ulitosha.

Hukumu yangu ilikuwa ya haki. Nimeondolewa kwenye mashine, na cheo cha ufundi mkuu kimekwenda kwa mwenzangu wa zamu ya pili. Nilipelekwa hospitali nikapimwa, nikafungiwa chumbani na kofia ya masikioni, nabonyeza kitufe nikisikia. Daktari aliponionyesha karatasi, mstari ulikuwa umeporomoka kama ngazi iliyovunjika. Akasema kilichokufa hakifufuki, ila kile kidogo cha kulia kitasaidiwa na kifaa, na kifaa bado nakisubiri. Baada yangu wakapimwa wote. Wanagenzi wangu wa zamani wawili, vijana kabisa wenye watoto wadogo, mistari yao imeanza kushuka. Hao walivua vizibo kwa amri yangu. Nimewaendea nyumbani kwao mmoja mmoja kuwaomba radhi. Mmoja alinisamehe, mwingine alinikaribisha kiti tu. Simlaumu.

Ile "Bado" ikafutwa, na mtihani ukarudiwa mwezi uliopita, kalibu iliporudi. Safari hii msimamizi alikuwa yule fundi wa zamu ya pili, mtu asiyecheka hata kwenye harusi. Mimi nilitazama kutoka nyuma ya kile kioo cha ofisi, kama mgonjwa anayetazama wenzake wakicheza mpira. Alichanganya kijani kile kile. Vizibo vya njano masikioni. Nimekuja kuelewa kwamba ndivyo vilivyomsaidia: vinapunguza ule mngurumo wa mashine ya kusaga, na mlio mdogo wa kitu kinachogonga unapata nafasi ya kupenya. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nafundisha kinyume.

Ndoo zikatoka. Nilikuwa nazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Kwenye ya arobaini na nne nikamwona mkono unakwenda kwenye kitufe chekundu. Mashine ikasimama. Nikasema mwanangu, leo tena? Maana niliogopa nimemtia woga wa kweli. Fundi akafungua, akainama, akatoa kwa koleo kipande cha plastiki, chembamba kama ukucha, kilichokuwa kimenata kwenye kalibu. Kingeharibu ndoo zote zilizofuata. Akamtazama, akaitikia kwa kichwa mara moja. Ndoo ya mia ilipotoka akaandika "Ameiva," na chini yake, kwa mwandiko wake mbaya, akaongeza: "Anajua wakati wa kusimama."

Dada, nililia pale pale ofisini, mtu mzima. Meneja akajifanya anatafuta faili.

Wale mama wanne wamerudi kazini, jirani yetu akiwa wa kwanza kufika. Binti yako ameajiriwa kabisa, zamu ya asubuhi, mashine ile ile. Mimi nimewekwa chumba cha kukaushia punje na kuchanganya rangi, ambako kuna utulivu, nawapokea wanagenzi wapya. Somo langu la kwanza sasa ni kuvisokota vizibo kati ya vidole na kuvitia mpaka vikae. Wakiuliza kwa nini, nawaambia waniulize tena kwa sauti zaidi. Wanacheka, halafu wanaelewa, halafu wanavaa.

Jina la Sikio bado wananiita. Nilifikiri wataacha kwa huruma. Bi Maswali akasema hapana, lisiachwe, litumike kuwakumbusha watu. Mkaidi huyu, na ukaidi ni wenu wa upande wa kike.

Barua hii inakuja na dereva wa lori anayeleta mzigo huko kwenu, imo ndani ya ndoo ya kijani. Ndani ya ndoo hiyo utakuta pia kofia nne za plastiki laini za kuvalisha ncha za magongo ya shemeji, mbili za sasa na mbili za akiba, asije akateleza sakafuni. Amezitengeneza mwanawe kwa mikono yake. Ndoo yenyewe ni ile ya kwanza ya mtihani wake wa pili. Kwetu ndoo hiyo haiuzwi wala haisagwi, mwanagenzi anampa aliyemfundisha. Aliniletea mimi. Nimemwambia mwalimu wake wa kwanza ni wewe, naye akakubali haraka mno, nahisi alikuwa analingoja hilo pia.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako kama bado yuko hapo. Msalimie mkubwa wenu fundi cherehani na wale mapacha wake, waambie babu yao mdogo anawadai picha. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema mwaka huu hachoki kunipigia kelele maana sasa ana kibali cha daktari. Mungu awape afya, akunyooshee mgongo, ampe shemeji hatua imara, na akulipe kwa mtoto uliyemlea akajua kunyamaza na kujua kusema.

Nina ombi moja la mwisho. Sisi mafundi ndoo mpya huwa tunaigonga kitako kwa kifundo cha kidole. Iliyoiva vizuri hutoa mlio mmoja mzito, mbovu hulia kama kopo. Hii niliigonga mbele ya mwanao, na nilitaka kumwambia "safi sana" kama nilivyozoea. Nikaacha. Nikamwambia ukweli kwamba sikusikia kitu. Kwa hiyo igonge wewe, dada, ukiwa peke yako na nyumba imetulia. Kisha niandikie, usinipigie, unieleze inaliaje.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba, nikupendaye siku zote,

Sikio.